Karavani Yako Inapumua, Mtani

Mtani Kalinga,

Kamwene. Hali yako sikuulizi, nilikuwepo ulipowekwa. Udongo nilitupa mwenyewe, tena koleo za ziada, nikiogopa usije ukabadilisha mawazo. Mimi huku mzima, ila goti ndilo limegoma. Mbwa wa Bombambili nao wanakusalimu sana. Tangu uondoke wamenenepa, wanalala chali katikati ya njia bila wasiwasi, maana wamesikia Mhehe mla mbwa amekwisha.

Usicheke kwa sauti, utaamsha wenzako hapo.

Nakuandikia kwa penseli, kwa mwandiko huu huu uliokuwa unasema umekanyagwa na kuku. Utasoma hivyo hivyo. Darasa langu la nne unalijua, nusu yake nilikuwa nachunga mbuzi wa mwalimu. Na wewe siku hizi una muda.

Jambo lenyewe ni karavani yako. Tulia, haijauzwa. Lakini yametokea makubwa, na mwanzo wake hukuuona kwa sababu ulikuwa umelala ndani ya sanduku, kifua mbele kama diwani.

Sheria yetu unaikumbuka. Mngoni na Mhehe ni watani tangu babu zetu walipochoka kupigana. Mmoja akifa, mwenzake halii. Kazi yake ni kuwachekesha waliofiwa, kumwigiza marehemu, na kushika kitu chake kimoja mpaka wenye msiba wakikomboe kwa kuku au kwa chochote kilichopo. Basi kazi niliifanya, mtani. Nilivaa koti lako la mvua la kule barabarani na ile kofia yako ngumu ya kazi. Nikatembea mwendo wako wa bata aliyeshiba, kidole juu, nasema, "Nisikilizeni niwaambie, nyinyi Wangoni wala panya!" Mkeo alikuwa hajafungua kinywa tangu asubuhi. Mama Tulizo yule yule. Akacheka mpaka kanga ikamdondoka kichwani. Padri alijificha nyuma ya kitabu chake, lakini mabega yalikuwa yanaruka.

Ningeishia hapo ningekuwa salama. Lakini unanijua, sifa zikipanda sina breki. Nikaanza kutafuta kwa macho nishike nini. Koti nimeshavaa. Kuku wanakimbia. Nikaiona karavani imesimama pale uani, kile kisanduku chako cheupe cha matairi mawili ulichokitwaa mnadani wale wazungu wa barabara walipomaliza kazi na kurudi kwao. Mtaa mzima ulikushangaa siku ile. Mtu ana nyumba ya matofali, anakwenda kununua nyumba ya bati yenye matairi! Ukasema utaifunga nyuma ya gari uende kupumzika ziwani. Gari lipi, Kalinga? Hata baiskeli uliyokuwa unaendesha ilikuwa yangu.

Basi nikapanda, nikajifungia, nikapiga kelele dirishani, "Karavani ni yangu! Haitoki mtu hapa mpaka nikombolewe!"

Nilidhani watakuja mbio na jogoo. Wakaendelea kuimba. Jua lilikuwa la saa saba, bati juu, bati kushoto, bati kulia, na yale madirisha mawili, moja halifunguki mpaka ulivunje shingo. Nikakaa. Nikavua koti. Nikavua shati. Nikaona huko nje wanatunga wimbo mwingine, tena mrefu. Mtani, nilitoka mwenyewe. Bila kuku, bila shati, kofia mkononi imejaa jasho kama bakuli la mchuzi. Waombolezaji walicheka, kuna mama mmoja alikaa chini kabisa. Wewe ndiye uliyekosa. Msiba mzuri kama ule unakuja mara moja tu, na mwenyewe umelala.

Baada ya mazishi nikamfuata Mama Tulizo, nikamwambia shemeji, lete hata kifaranga nikurudishie mali yako tuyamalize. Akaniangalia toka juu hadi chini.

"Nani amekwambia naikomboa? Umeishika mbele ya watu na padri. Ni yako. Na joto lake lako."

Mhehe yule! Unajua nilikuwa nadhani katika nyumba ile mjanja ni wewe.

Nikachukulia mzaha. Kumbe haukuwa mzaha wote. Ulipoondoka, mkeo hakubaki na kazi nyingine. Shamba la mwanenu Tulizo liko mbali na miguu yake ndiyo ile. Akawaita vijana wakaisukuma karavani mpaka pale jirani na mashine ya kusaga, akaweka jiko, akaanza kuuza chai na maandazi. Pale mashineni wanawake wanasubiri zamu na ndoo zao za mahindi toka asubuhi, njaa inawauma. Mahali pazuri kabisa. Ila wakishapanda ndani wanakunywa chai nusu kikombe, wanashuka wanajipepea kwa kanga. Wengine wakawa wanasema wakitaka kuchemshwa watakwenda kuchemshwa na mahindi.

Halafu siku moja mvua ilinyesha, akafunga mlango, jiko la mkaa likiwa ndani. Alipotoka alikuwa anayumba, kichwa kinamgonga, watu wakadhani ametoka kilabuni. Mimi nilimshika mkono. Siku ile sikufanya utani, nakwambia kweli.

Habari ikamfikia Bwana Afya. Kijana mwenye adabu, alinipa shikamoo yangu kabla ya kuchungulia ndani. Akatoa kichwa haraka.

"Mama, humu atakufa mtu. Nakupa mpaka Ijumaa ijayo. Hewa ikizunguka, endelea na biashara yako. Isipozunguka, nafunga, na usinichukie."

Mkeo, bila hata kupepesa jicho, akanyoosha kidole. "Mwenye karavani ni yule mzee pale anayekula andazi. Ongea naye."

Hivyo ndivyo nilivyotafutishwa feni, Kalinga, nikiwa na umri huu na goti hili.

Unakumbuka ugomvi wetu wa feni? Ule wa safari ya ziwani. Ulimbembeleza yule jamaa wa lori la mkaa akakufungia karavani nyuma, tukapanda watatu, wewe, mkeo na mimi, tunakwenda Mbamba Bay kulala ufukweni kama mabwana wakubwa. Hatukufika hata Mbinga. Karibu na Peramiho gurudumu lilituaga, likatangulia kushoto kwenye mahindi ya watu, mvua nayo ikashuka kama imelipwa. Jamaa wa lori akakimbilia kutafuta fundi misheni. Tukajibana ndani, na wewe ukaona huo ndio wakati wa kukaanga kumbikumbi. Moshi! Harufu! Machozi yalitutoka kama tumefiwa. Mkeo alifungua mlango akaloweshwa, akafunga, akakohoa, akafungua tena. Nilikwambia karavani hii inafaa kukaushia samaki tu.

Hapo ndipo ulipoinua kidole kile. "Unaona tundu lile kwenye paa? Wazungu waliweka feni pale, wakaondoka nayo. Nitatafuta nyingine, niifunge itazame nje."

Nikakuuliza, itazame nje inampepea nani, mbuzi?

"Wewe Mngoni, hewa mbaya haitoki kwa kupuliziwa. Ivute, itoe. Ukitoa ya ndani, ya nje itaingia yenyewe, haipigi hodi."

Nilikucheka mpaka gurudumu likapatikana. Kumbikumbi nilikula lakini. Walikuwa watamu. Nadhani tungefika ziwani tusingefurahi vile.

Basi nikaanza kutafuta. Na hapa nikueleze mji wako umekuwaje, maana uliondoka mambo yakianza kuchangamka. Siku zile ukitaka sabuni unapanga mstari, ukifika mbele sabuni imekwisha, unapewa pole. Siku hizi ruksa. Pale sokoni maduka yamejaa mpaka bidhaa zinakaa nje juani. Vioo, redio, viatu vya rangi ambayo hata kasuku hana. Nikaingia duka moja nikaulizia feni. Kijana wa duka akanitolea ya mezani, imetoka Dubai, ina kifuniko cha dhahabu na vitufe kama kinanda cha kanisani. Akasema, "Babu, hii hata ukiikoholea inazunguka."

Nikamwomba aiwashe. Umeme haukuwepo. Nikasubiri. Umeme haukuja. Nikaikoholea. Haikuzunguka. Nikamwambia mwanangu, karavani yangu haina hata waya, achilia mbali umeme wa mji huu wa kuja na kuondoka kama mkwe mwenye hasira. Na kwa bei yake ningeweza kumpa mkeo kuku wa kujikomboa yeye, mimi na ukoo wote.

Nikaenda kwenye gereji ya vyuma chakavu, ile ya nyuma ya stendi. Wakanipa bure kabisa feni ya rejeta ya Land Rover. Bure, mtani! Nikaibeba begani kwa furaha mpaka kwa Issa fundi bati, yule Myao wa Namasakata anayetengeneza mabomba ya mvua pale Bombambili. Issa akaizungusha kwa mkono, akatikisa kichwa.

"Mzee Mapunda, hii ukiipatia injini, wallahi chai utakwenda kuinywea Namtumbo. Karavani nzima inapaa."

Akaniambia yeye anaweza kunitengenezea kofia ya bati kwa debe la mafuta ya kula, yenye masikio, ya kukaa juu ya lile tundu. Upepo ukivuma inazunguka na kuvuta hewa, haili umeme wala betri. Nikampa debe. Akakata, akakunja, akatia msumari katikati. Kitu kizuri, ungekipenda. Tatizo ni kwamba upepo ukivuma mkeo hahitaji feni, na usipovuma kofia nayo inasinzia. Ikizunguka inalia ngwii, ngwii, kama mjukuu anayetaka sukari. Issa akaipaka mafuta, ikaacha kulia, lakini kusinzia haikuacha. Hata hivyo tuliiacha pale pale juu, maana mvua haiingii tena.

Siku ya Ijumaa inakaribia na mimi nina kofia tu. Mama Tulizo alikuwa ananipa andazi huku akiliangalia andazi, anahesabu kimoyomoyo yamebaki mangapi ya kunipa. Hilo lilinichoma kuliko maneno.

Nikarudi gereji. Nikazunguka kwenye yale mabasi yaliyokufa, yamekaa pale nyasi zinaota madirishani. Na mtani, kwenye moja, juu ya usukani, nikaiona. Feni ndogo, saizi ya sahani ya wali, ile ya kumpepea dereva usoni. Nikaigusa, ikazunguka laini. Wakanipa kwa kubadilishana na ile ya Land Rover, wakaniongezea na betri ya lori iliyozeeka kidogo kama mimi, inashika chaji lakini inachoka mchana. Wakasema niwe naipeleka kwao wanichajie, wao wenyewe chai wanakunywa kwa Mama Tulizo.

Nikarudi nikiimba. Issa akapanda juu ya paa, mimi chini natoa amri. Feni ikakaa kwenye tundu, chini ya kofia. Akaniuliza itazame wapi.

Sasa hapo, Kalinga. Nilikumbuka maneno yako. Nilisikia na kidole chako kinavyokwaruza hewa. Nikajisemea, Mhehe amekufa, hawezi tena kunishinda. Nikamwambia Issa itazame ndani, ipulize watu. Issa akasema, "Mimi nafunga unavyotaka, mzee."

Ijumaa ikafika. Mkeo alivaa ile kanga mpya. Mimi nilivaa koti lako, nilifikiri litaleta heshima. Bwana Afya akaja, akapanda, akaketi. Wateja walikuwa wamejaa, wamekuja kushuhudia. Nikashika waya kama askofu anayebariki, nikagusisha kwenye betri.

Feni ikaamka! Upepo ukashuka vichwani mwetu, mwanana, baridi. Mama mmoja akasema aah. Bwana Afya akafumba macho akatabasamu. Mkeo akanitazama kwa mara ya kwanza wiki ile bila kuangalia andazi. Nikasema kwa sauti, usinilaumu, "Kalinga, unaona?"

Ukajibu. Najua ni wewe.

Pale pale jirani yetu akawasha mashine ya kusaga. Unaijua ile mashine, inavyotoa vumbi la unga na pumba kwenye lile dirisha la upande wetu. Lote, mtani, lote likapaa, likakuta feni yangu inalisubiri, ikalipokea, ikatumwagia. Kabla sijaupata waya tulikuwa tumeshakuwa weupe. Nyusi nyeupe, chai nyeupe, maandazi kama yameanguka theluji ile ya kwenye kalenda za misheni. Nilimwona Bwana Afya, amebaki macho mawili tu. Nikamwangalia mkeo, midomo inamtetemeka, nikajua nimemfungia biashara yake kwa mikono yangu.

Halafu Bwana Afya akapiga chafya. Chafya moja kubwa, unga ukamtoka kichwani kama moshi wa treni. Mama Tulizo akaanza yeye. Unakumbuka anavyocheka, anaanza kama anakohoa. Kisha karavani nzima ikawa inatikisika kwenye matairi yake. Bwana Afya alicheka mpaka akashika ukuta. Alipoweza kuongea akasema, "Mzee, nilisema hewa izunguke, sikusema uji."

Mkeo akajifuta macho, akaniuliza taratibu, "Baba Tulizo alisema itazame wapi?"

Nikatazama viatu.

"Shemeji, nakuuliza. Alisema itazame wapi?"

"Nje," nikasema. Neno fupi, lakini kulitoa kuliniuma kuliko kung'oa jino.

Issa alikuwa amesimama mlangoni anauma kucha asicheke. Akapanda juu, akafungua skrubu, akaigeuza feni kisogo. Akakata na bati dogo la kuziba ule upande wa mashine, na tukalivunja shingo lile dirisha lililogoma, upande wa mbali na mashine. Nikagusa waya tena, safari hii kwa woga. Bwana Afya akawasha kipande cha karatasi, moshi ukasimama kidogo unafikiri, kisha ukapanda wima, ukaingia tunduni, ukaondoka zake. Na kupitia lile dirisha hewa ya nje ikaingia yenyewe. Haikupiga hodi.

Akasema endeleeni, ila jiko la mkaa likae mlangoni, na mlango usifungwe likiwaka. Mkeo anafuata. Mimi ndiye askari wa mlango.

Na kuna jambo hata wewe hukulifikiria, Mhehe mwenye kidole. Feni ikivuta, haitoi joto peke yake. Inatoa harufu ya maandazi yakiwa kwenye mafuta, inaipeleka moja kwa moja kwenye foleni ya mashineni. Wanawake wanasimama na ndoo zao, pua zinaanza kucheza kama za panya, ndiyo, nimesema panya, halafu wanaanza kuja mmoja mmoja wanajifanya wanauliza saa. Siku hizi unga wa ngano unakwisha kabla ya chai ya saa nne. Mkeo amenunua sufuria jipya na anaimba.

Ila nikwambie siri. Siku ile watu walipoondoka nilibaki ndani peke yangu, feni inazunguka juu, koti lako limenikaa mabegani, jeupe. Mtani halii, sheria naijua. Sikulia msibani, sikulia matanga. Nilikuwa nimekaa tu. Mara ikatoka. Sijui ilitokea wapi, ilikuwa imejaa humu kifuani toka siku ile ya koleo. Mama Tulizo akachungulia, nikamwambia ni pumba zimeniingia machoni. Akasema, "Ndiyo, pumba ni mbaya," akaniwekea chai, akaondoka. Nilipomaliza nilijisikia mwepesi, nikala maandazi yaliyobaki yote.

Siku ya arobaini yako mkeo alikuja na jogoo mwekundu mbele ya watu, akasema nakukomboa, toka kwenye karavani yangu. Nikampokea jogoo, nikatoka kwa heshima. Kisha nikasema samahani, nilichoshika siku ya msiba ni karavani. Feni haikuwemo. Feni ni yangu, na inabidi ikombolewe peke yake. Ugomvi ukawa mkubwa, wazee wakakaa, wakaamua analipa andazi moja kila asubuhi mpaka mwisho wa maisha yangu. Jogoo tulimla siku ile ile, kipande chako nilikula mimi.

Nilikuwa na wasiwasi mmoja tu, Kalinga. Tulikubaliana anayebaki ndiye atamchekesha mwenzake kaburini. Sasa umetangulia, mimi nitachekeshwa na nani? Nikamwuliza mkeo. Hakufikiri hata kidogo. Akasema mimi si Mhehe? Nitavaa suruali yako na nitatembea na goti lako, na nitashika redio yako, na sitaitoa.

Kwa hiyo nimeanza kuificha.

Nakuaga, mtani. Nakuahidi feni nitaipangusa mimi mwenyewe kila Jumamosi, na itaendelea kutazama nje, hata nikibaki peke yangu na bisibisi na hamu ya kukubishia. Mvua zikiisha nitakuletea ulanzi, pombe yako ya mianzi, hapo ulipo. Usiukadirie sana, njia ni ndefu na mimi ndiye mbebaji.

Lala salama, mla mbwa.

Mapunda, mwenye feni